Kuchanganya pikapu kwenye gitaa la umeme: hambaka kwenye briji, singo mbili zibaki

Wengi wenye Strat (gitaa la Fender Stratocaster) au kopi yake wanafika mahali wanataka vitu viwili kwa mpigo. Wanataka ile sauti safi ya solo ya rumba na sebene, ile inayotoka ukisimamisha swichi katikati ya pikapu mbili (pikapu ni vile vifaa vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti), na hapohapo wanataka sauti nene ya distosheni kwa ajili ya gospo au roki. Sasa unakuta mtu anaenda kununua hambaka (pikapu ya koili mbili) kali kuliko zote dukani, anampa fundi aunganishe, gitaa linarudi lina hambaka inayofunika kila kitu na ile sauti safi imekufa kabisa. Hapo lawama anabebeshwa aliyetengeneza pikapu bure tu. Pikapu yoyote ikiingia kwenye gitaa lenye pikapu zingine lazima ikubaliane nazo kwenye mambo matatu: fezi (uelekeo wa umeme unaotoka), mzigo wa poti (zile za volyumu na toni), na umbali wake na nyuzi. Ukiweka sawa hayo matatu hata pikapu ya bei ya kawaida inapiga vizuri, usipoyaweka hata ya bei mbaya itakuangusha.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: Strat ya singo tatu (pikapu za koili moja), tunatoa ya kwenye briji, kule nyuzi zinakofungwa, tunaweka hambaka, ya katikati na ya shingoni tunaziacha. Wauzaji wanauita mpangilio wa HSS, yaani H ni hambaka na S ni singo. Ukiuelewa huu, Telecaster na zingine zote utazifanya kwa akili ileile.

Kwanza ujue unachanganya nini na nini

Singo ni koili moja ya waya mwembamba sana wa shaba, unene kama milimita 0.06, umezungushwa mara elfu saba nane hivi kuzunguka sumaku. Inanasa mtikisiko wa nyuzi vizuri sana, ila inanasa na uchafu wa umeme, na umeme wetu ni wa 50 Hz kwa hiyo ukikaa karibu na taa za tyubu au dima unasikia ule muungurumo. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson akaja na dawa yake: koili mbili pembeni kwa pembeni, moja sumaku yake imegeuzwa na waya wake umegeuzwa pia, kwa hiyo muungurumo unajifuta wenyewe lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Hiyo ndo hambaka. Na kwa sababu koili zimeungwa kwa mfululizo, sauti inatoka kubwa na nene alafu trebo ya juu kabisa inapungua.

Strat yenyewe ilitoka 1954 na swichi ya nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua wenyewe kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili unapata sauti nyingine tamu, wakawa wanaibana hapohapo, na Fender wakaja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Nafasi ya 2 (briji na kati) na ya 4 (kati na shingo) ndo roho ya hili gitaa kwa mpiga solo wa kwetu. Strat nyingi za sasa hivi pikapu ya katikati imegeuzwa waya na sumaku, kwa hiyo ukiwa nafasi ya 2 au ya 4 muungurumo unapotea kama kwenye hambaka. Hili likae kichwani, litarudi kwenye kukata koili, yaani kuzima koili moja ya hambaka.

Wazo la kuweka hambaka kwenye gitaa la umbo hili ni la zamani. Eddie Van Halen alichukua hambaka ya Gibson ES-335 akaifunga kwenye bodi la umbo la Strat, miaka ya 70. Ila yeye alikuwa anatafuta sauti moja tu, sisi tunataka na zile za katikati zibaki, kwa hiyo kazi yetu ina mambo mengi zaidi.

Hatua ya 1: pima kabla hujatoa hela

Legeza nyuzi taratibu zote, zitoe, fungua skrubu za bamba la mbele, linyanyue uangalie shimo la kwenye mbao. Kama gitaa lina trimolo (briji ya springi yenye mkono wa kutikisa sauti) weka kipande cha mbao au kitambaa kilichokunjwa nyuma ya bloku ya trimolo ndo utoe nyuzi, maana springi zitaivuta briji ghafla.

Shimo utalikuta kwa namna tatu. Kuna gitaa limechimbwa shimo moja kubwa la pamoja, hapo huna shida. Kuna lingine limechimbwa kwenye briji kwa upana wa hambaka tayari hata kama lilikuja na singo, hapo pia safi, unabadilisha bamba la plastiki tu, liwe na tundu la HSS. Na kuna lile la mashimo matatu membamba. Hambaka ya kawaida ni kama milimita 70 kwa 38, haiingii humo bila kuchimba mbao. Mimi kama gitaa ni la zamani au lina thamani nakushauri usichimbe, nunua hambaka ya umbo la singo, zile zenye blade mbili nyembamba (vyuma viwili virefu), inaingia kwenye tundu lilelile. Kuchimba mbao hakurudi nyuma.

Kitu kingine watu wanasahau ni nafasi ya nguzo, vile vichwa vya chuma vya pikapu vinavyokaa chini ya kila waya. Kwenye briji ya Strat nyuzi zimetanuka kama milimita 52 kutoka ya kwanza mpaka ya sita pale juu ya pikapu, hambaka za mtindo wa Gibson ni kama 49 au 50. Ukiweka ya Gibson waya wa kwanza na wa sita unapita pembeni ya nguzo. Sio mwisho wa dunia ila kama unanunua mpya omba yenye nafasi ya Fender. Zile za blade hazina hii shida.

Alafu nguvu. Chukua mita, weka kwenye ohmu 20k, pima singo zako, nyingi zitasoma kati ya 5.5k na 7k. Hambaka ya kukaa vizuri na hizo ni ile ya 7.5k mpaka 9k yenye sumaku ya alnico. Ukiweka ya 16k ya seramiki itazizidi sana singo zako, kila ukihamisha swichi fundi mitambo atakuwa anahangaika kupandisha na kushusha sauti kwenye miksa. Namba ya ohmu peke yake haisemi kila kitu kuhusu sauti, ila kama mwanzo wa kuchagua inasaidia.

Na hakikisha ina waya nne pamoja na ule wa uchi, usio na plastiki. Ikija na waya mmoja wenye wavu huwezi kukata koili bila kuifungua yenyewe.

Vifaa vingine ni vya kwa fundi redio, Kariakoo au Luthuli Avenue unavipata vyote: soldaringi ya wati 40 mpaka 60, risasi ya 60/40 yenye dawa ndani, poti mbili za A500K, poti moja ya A250K (ya zamani yaweza kufaa), kapasita ya 0.022 imeandikwa 223 na ya 0.047 imeandikwa 473, rezista moja ya 270k yenye rangi nyekundu, zambarau, njano. Kapasita za kijani za bei ndogo zinafanya kazi sawa na zile za bei ya ajabu zinazouzwa kwa jina, thamani ikiwa ileile sikio halitofautishi. Kwenye poti angalia herufi: A ndo ya sauti, inapanda taratibu, B inaruka ghafla. Angalia na tundu la bamba, poti kubwa za CTS zinataka tundu la milimita 9.5 na magitaa mengi ya Asia yana tundu dogo zaidi, na vifundo vya juu navyo haviingiliani kwa sababu meno yake ni tofauti. Peleka kifundo chako mkononi ukanunue.

Hatua ya 2: piga picha, kisha pima kila kitu

Piga picha za simu kutoka pembe zote kabla hujagusa waya hata mmoja. Picha ya karibu ya swichi, ya poti, ya jeki. Alafu pima zile poti mpya mguu wa kwanza na wa tatu, maana poti imeandikwa 500k inaweza kusoma 420 au 560 na bado inahesabika nzima. Ile kubwa zaidi iweke kwenye volyumu.

Hatua ya 3: fezi, na hii usiiruke hata kama una haraka

Pikapu mbili zikipigwa pamoja, nyuzi ikienda juu zote mbili zinatakiwa zitoe umeme kuelekea upande mmoja. Moja ikitoa upande wa pili zinakatana, besi yote inapotea, unabaki na sauti nyembamba yenye pua kama redio ndogo. Kila moja ikipigwa peke yake iko sawa, kwa hiyo mtu anakwambia pikapu nzima na wewe unaamini. Ukichanganya kampuni mbili tofauti uwezekano wa hii kutokea ni mkubwa, kila kampuni ina rangi zake na uelekeo wake.

Kupima ni hivi. Mita iwe kwenye ohmu 20k. Waya mwekundu wa mita kwenye waya wa sauti wa pikapu, mweusi kwenye erthi. Subiri namba itulie, tuseme 6.1. Sasa chukua bisibisi ya chuma, ulaze ubapa wake juu ya nguzo za pikapu polepole ili sumaku isiuvute ghafla, ukae hapo, namba itatulia tena. Alafu unyanyue kwa haraka kwenda juu huku macho yako yako kwenye mita. Namba itaruka mara moja, labda inaenda 6.4 au inashuka 5.8, kisha inarudi. Andika imeruka juu au chini. Rudia mara mbili tatu mpaka uwe na uhakika, alafu nenda pikapu inayofuata, mita ikiwa imeshikwa vilevile. Ukipata mita ya mshale ndo raha zaidi, unaona mshale unavocheza kulia au kushoto. Kuwa makini na mkono, koili ya singo isiyo na kava ni rahisi kuikwaruza na ule waya ukikatika pikapu imekufa.

Zote zikiruka upande mmoja mko sawa. Singo ya katikati iliyogeuzwa itasoma sawa na zingine, kwa sababu imegeuzwa vitu viwili, waya na sumaku, kwa hiyo umeme unatoka uelekeo uleule. Kama hambaka ndo inaruka kinyume, badilishana waya wa sauti na wa erthi. Kwa Seymour Duncan kawaida mweusi ndo sauti, mweupe na mwekundu vinaungwa pamoja, kijani ndo erthi. Kwa DiMarzio mwekundu ndo sauti, mweusi na mweupe vinaungwa, kijani ndo erthi. Kwa hiyo kugeuza Duncan unafanya kijani kiwe sauti na mweusi uende erthi. Ule wa uchi hauhami, siku zote erthi.

Tahadhari kwa wenye Telecaster: pikapu ya shingoni ina kava la chuma ambalo mara nyingi limeungwa na erthi ya koili. Ukigeuza nyaya, kava linakuwa upande wa sauti na ukiligusa tu linapiga kelele. Inabidi kwanza ukate kile kiunganisho kidogo chini yake, kava ulipe waya wake lenyewe wa erthi. Kwa hiyo kwenye Tele ni rahisi zaidi kugeuza ile pikapu nyingine.

Hatua ya 4: mzigo wa poti

Hapa ndo penye siri ya kwanini HSS nyingi za mtaani hambaka inasikika imezibwa, au singo zinachoma masikio. Poti haisubiri uizungushe ndo ifanye kazi, hata ikiwa kumi inavuta sehemu ya trebo kwenda erthi, na poti ndogo inavuta zaidi. Singo ina trebo nyingi kwa hiyo imezoea 250k, hambaka ina kidogo kwa hiyo inataka 500k. Volyumu yako ni moja, sasa utafanyaje?

Fanya hesabu kidogo. Strat ya kawaida ina volyumu 250 na toni 250, zikiwa sambamba pikapu inaona mzigo wa 125k. Gibson ina 500 na 500, hambaka inaona 250k. Kwa hiyo weka volyumu ya 500 na toni ya kwanza ya 500 yenye kapasita ya 0.022, iwe toni ya pikapu zote. Hambaka peke yake itaona 250k, imepata haki yake. Alafu toni ya pili weka ya 250 na kapasita ya 0.047, iunge kwenye mguu wa swichi wa pikapu ya shingoni. Ukiwa nafasi ya 5 sasa shingo inaona 250 sambamba na 250, ni 125k, ileile ya Strat. Pikapu ya kati haina toni yake, kwa hiyo iwekee ile rezista ya 270k kutoka mguu wake wa swichi kwenda erthi, itaona kama 130k. Nafasi ya 4 vyote viwili vinaingia na inakuwa kama 85k, na Strat ya kawaida ukipiga hesabu ya nafasi hiyo unapata 83k. Kwa rezista moja ya bei ya pipi kila pikapu inasikika ilivotakiwa kusikika. Mimi mpangilio huu naupenda kuliko yote niliyoona.

Hatua ya 5: kulehemu

Mgongo wa poti usugue kidogo na msasa mpaka ung'ae, poti mpya zina rangi inayokataa risasi. Soldaringi iwe ya moto kamili. Weka ncha yake imelala kwenye mgongo wa poti, hesabu mpaka tatu, alafu gusisha risasi kwenye poti pembeni ya ncha, usiiyeyushie kwenye ncha yenyewe. Ikikubali itatandaa na kung'aa. Ikikaa kama kidonge kimesimama juu, haijashika, poti haijapata moto wa kutosha, rudia. Weka waya kwenye risasi ikiwa ya maji, toa moto, usitikise waya mpaka ipoe. Ukizidisha sekunde tano sita pumzika, poti inaungua ndani.

Ile dawa ya asidi ya kulehemea mabomba na rejeta usiilete karibu na gitaa, inakula shaba taratibu na baada ya muda waya unakatika. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla hujala maana kuna madini ya risasi humo.

Swichi ya wazi ina pande mbili, kila upande miguu minne, mmoja ni wa pamoja na mitatu ya pikapu. Swichi za boksi za kichina zina miguu minane kwa mstari mmoja na mpangilio unatofautiana, weka mita kwenye mlio uitafute miguu mwenyewe huku unahamisha swichi, usimwamini mtu. Upande wa kwanza: mguu wa pamoja unaenda volyumu, ile mitatu inapokea hambaka, kati na shingo. Toni ya kwanza inatoka kwenye mguu wa volyumu unaopokea kutoka swichi. Upande wa pili wa swichi tunaubakiza kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 6: koili ikatike yenyewe kwenye nafasi ya 2

Hambaka nzima ikichanganywa na singo ya kati inatoa sauti, ila sio ile ya Strat, hambaka inameza mwenzake. Tunataka ikifika nafasi ya 2 koili moja izime. Chukua ile jozi iliyoungwa pamoja (mweupe na mwekundu kwa Duncan), ipeleke kwenye mguu wa kati wa upande wa pili wa swichi, na mguu wa pamoja wa upande huo upeleke erthi. Basi. Nafasi ya 1 hambaka iko nzima. Nafasi ya 2 swichi inagusisha mguu wa kati, ile jozi inakwenda erthi, koili moja inanyamaza. Nafasi ya 3 na 4 inagusisha pia lakini hapo hambaka haitumiki kwa hiyo haina madhara. Huhitaji kifundo cha kuvuta wala kukumbuka chochote ukiwa jukwaani.

Sasa koili gani inabaki? Chukua dira, hata ndogo ya bei rahisi, iweke juu ya nguzo za pikapu ya kati uone mshale unaelekeza upande gani, alafu juu ya koili inayobaki kwenye hambaka. Zikiwa kinyume vizuri, nafasi ya 2 itakuwa kimya. Zikiwa sawa itanguruma. Kuizungusha hambaka kichwa chini hakusaidii, koili inayobaki ni ileile, imehama tu kwa sentimita mbili. Kinachosaidia ni kubadilisha mpangilio wa koili: kwa Duncan iliyokuwa mweusi sauti na kijani erthi, unafanya mwekundu uwe sauti, kijani na mweusi viungwe pamoja viende kwenye swichi, mweupe uende erthi. Fezi inabaki ileile, ila sasa inayobaki ni koili ya pili.

Kujua koili ipi iko hai gonga nguzo kwa bisibisi gitaa likiwa kwenye amplifaya kwa sauti ndogo, iliyo hai inapiga "tok" ya nguvu, iliyozimwa inasikika kwa mbali.

Hatua ya 7: jaribu kabla hujafunga

Waya wa erthi unaotoka kwenye briji usisahaulike, uende mgongoni mwa volyumu. Chomeka kebo bamba likiwa bado limeinuliwa, sauti ndogo, pita nafasi zote tano ukigonga kila pikapu. Nafasi ya 1 hambaka tu, koili zote mbili. Ya 2 koili moja na kati. Ya 3 kati. Ya 4 kati na shingo. Ya 5 shingo. Ikipiga isiyotakiwa ni miguu ya swichi imebadilishana. Ukigusa nyuzi au briji na muungurumo ukapungua, erthi iko sawa. Ukiongezeka, kwenye jeki umegeuza waya.

Hatua ya 8: urefu wa pikapu

Weka nyuzi, tyuni, kisha bonyeza freti ya mwisho kabisa na upime kutoka juu ya nguzo mpaka chini ya waya. Singo anza na milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa waya mwembamba. Hambaka anza na 1.6 pande zote. Singo zenye sumaku za nguzo usizipandishe sana, sumaku inavuta nyuzi, noti za juu shingoni zinayumba na gitaa linakataa kukaa kwenye tyuni hata ufanye nini.

Kwa HSS anza na shingo na kati mpaka nafasi ya 4 iwe ile unayoitaka, hapo usiguse tena. Ndo ushushe hambaka kidogokidogo, robo ya mzunguko wa skrubu kila mara, huku unahama nafasi ya 1 na ya 4 kwa mkono uleule wa kupiga. Acha hambaka izidi kidogo, ndo faida yake, ila isizidi mpaka mwenzako wa ridhim akugeukie. Hambaka ikishushwa mara nyingi inakuwa safi zaidi pia, watu wengi wanaipandisha mpaka juu na kuikosea.

Ukitaka kuchanganya zingine

P-90 na singo zinaelewana vizuri, P-90 nayo ni koili moja, ina nguvu zaidi na inanguruma vilevile. Kwake volyumu ya 500 inafaa na hatua ya fezi ni ileile. Hambaka mbili za kampuni tofauti kwenye Les Paul ni rahisi kuliko zote, kila moja ina volyumu yake.

Pikapu za betri, kama EMG 81, ni habari nyingine. Zinatumia volti 9 na poti za 25k, na pikapu ya kawaida ukiiweka kwenye poti ya 25k inakufa sauti. Ukizitumia, weka mbili zote za betri, na jeki iwe ya stereo ili betri ikatike ukichomoa kebo.

Kabla hujapanda jukwaani

Nyuzi zako sasa zimeungwa na chasi ya amplifaya. Kumbi nyingi soketi hazina erthi, au mtu amekata pini ya tatu ya plagi, na miksa iko kwenye soketi nyingine. Ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, umeme unapita kwako. Mita iweke kwenye volti za AC, kiwango cha juu, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma volti kadhaa tu hivi au sifuri endelea. Ikisoma makumi ya volti usiimbe, na usikubali mtu akushauri ukate ule waya wa briji, hiyo inaficha tatizo tu. Amplifaya na miksa vichomekwe kwenye soketi moja yenye erthi ya kweli, upime tena, na kama bado inasoma aitwe fundi umeme wa ukumbi kabla shoo haijaanza.